Hiyo Sio Kushrabu, Ni Sheria

Kila wiki kuna video mpya ya mtu akichekwa ju amesema "gitu" badala ya "kitu." Watu wanaweka emoji za kicheko, maisha inasonga. Mimi niliacha chuo katikati, so sijakuja hapa kama profesa. Lakini wasee, hii historia inafaa mtu angetuambia mapema.

Anza na majina ya stage za matatu. Kabete, Kangemi, Kiambu, Karatina: zote K. Sasa cheki Gachie, Gatundu, Gatanga, Githurai: zote G. Mbona? Angalia sauti inayofuata. Kwa lugha ya Wakikuyu, silabi inayofuata ikianza na t, k, c ama th, ile k ya mbele hugeuka g. Ndio maana kiti ni gĩtĩ na kikombe ni gĩkombe, lakini mlima unabaki kĩrĩma. Hata wenyewe hujiita Gĩkũyũ.

Weka vidole kooni useme k, alafu g. Ulimi unagusa karibu mahali pamoja. Tofauti ni kwamba kwa g, koo inatetemeka. So mdomo unakwepa kuweka sauti mbili kavu zikifuatana. Ya kwanza inatetemeshwa.

Mmisionari Mjerumani, Edmund Dahl, aliona tabia kama hii kwa Kinyamwezi, kwenye Tanzania ya leo. Mwaka wa 1903 mtaalamu Carl Meinhof akaichapisha kama Sheria ya Dahl. Waliokuwa wakiiongea miaka yote hiyo hawakuwekwa kwa jina. Na imeenea: Wakisii wanayo, Wanyarwanda pia. Huko kitabu ni igitabo, lakini lugha yenyewe ni Ikinyarwanda. Hakuna mkutano ulifanywa watu wakubaliane hivyo.

Wagiriki wa kale walikuwa na ya kwao. Mwaka wa 1863, Hermann Grassmann alieleza kwamba kwa Kigiriki na Kisanskriti, sauti mbili za pumzi zikifuatana, ya kwanza inapoteza pumzi. Nywele ni thrix, lakini "ya nywele" ni trikhos. Hiyo inasomwa vyuo vikuu kwa heshima zote. Yetu inafanywa komedi.

Sisemi mwalimu wa Kiswahili asirekebishe "gitu." Kiswahili hakina hiyo sheria, na ukiingia kwa lugha unafuata ya wenyewe. Shida yangu ni kicheko, ju kicheko kinafundisha pia. Kuna vijana wa rika letu shosho anawaongelesha kwa lugha yake na wanajibu kwa Kiingereza, wakiogopa ulimi "utaharibika."

Ulimi haujaharibika, buda. Umebeba sheria ya nyumbani ukaingia nayo kwa Kiswahili. Mwenye anakucheka pia ako na yake, ni vile tu haijafanyiwa video.