Kilio cha Mtazamaji

Msikilizaji wa ngano alijua tangu utotoni ya kuwa hadithi haina budi kugeuka. Alipoitikia "Pakawa" alikuwa amekwisha kubali kupotezwa njia kwa muda, ili mwishowe aongozwe penye kweli. Hata hivyo alikuwa na haki moja ambayo mjukuu wake hana: kisa kikimuumiza, aliweza kumkatiza mtambaji na kumwuliza sababu, na mtambaji hakukosa kumjibu. Chombo cha siku hizi husema, wala hakisikii. Ndiyo maana mpenzi wa tamthilia hupiga kelele mbele yake, na wapitao nje humcheka.

Kicheko hicho hakina haki, na ushahidi upo Mlali, wilayani Mvomero, chini ya milima ya Uluguru upande wa magharibi. Watu wa huko hushinda katika bustani za nyanya na mboga, na jioni huketi kusikiliza au kutazama. Barabara kuu iendayo Iringa, ambayo hupitisha malori ya Zambia, haiko mbali nao.

Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo ulioitwa Twende na Wakati. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori, mwenye wanawake njiani na mke nyumbani aitwaye Tunu. Aonywaye na adui hasikii, bali aonywaye na mcheshi husikia kabla hajajua ya kuwa anaonywa. Kisha kisa kikageuka. Tunu, aliyekuwa mnyonge, alimwacha mumewe akaanza biashara ndogo, na Mkwaju akaambukizwa virusi vya UKIMWI. Kwa mtu aishiye karibu na barabara ya malori, habari hiyo haikuwa ya mbali. Aliyekuwa akicheka alijikuta akihesabu safari zake mwenyewe, na mke wake akihesabu pamoja naye.

Wataalamu waliupima mshtuko huo. Kituo cha Dodoma hakikuutangaza mchezo mpaka Septemba 1995, ili wasikilizaji wa mikoa mingine walinganishwe na watu wa eneo lile. Ilionekana ya kuwa waliousikia walizidi kufuata uzazi wa mpango, na wengi wakasema wamepunguza wapenzi. Hivyo kelele ya msikilizaji iliweza kuingia ndani ya nyumba na kubadili mwenendo wa watu.

Televisheni ilikawia. Unguja ilikuwa nayo tangu 1973, lakini Tanzania Bara ilingoja mpaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi, ITV ikiwa kimojawapo. Azam TV ilianza 2013, na baadaye ikaleta tamthilia ya Uturuki kwa sauti za Kiswahili, ikiitwa Sultan. Hapo mgeuko mkubwa ni kifo cha mwana wa mfalme, Mustafa. Anaitwa na baba yake, Sultan Suleiman, kambini karibu na Ereğli. Mtazamaji amekwisha kuona hatari ambayo kijana haioni, naye hulia, "Usiingie!" Mustafa huingia, na hunyongwa katika hema la baba yake.

Yafaa ikumbukwe ya kuwa Mustafa wa kweli alinyongwa tarehe 6 Oktoba 1553. Hakuna mtungaji awezaye kumwokoa, wala kilio cha Uluguru hakivuki karne nne na nusu. Je, kilio hicho ni bure? Kwa desturi ya Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno kubwa juu yake. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo akimwona baba akikata uhai wa mwanawe, wala hapana mjomba wa kusimama mlangoni, huona jambo ambalo mtungaji wa Istanbul huenda hakulikusudia: mtoto asiye na upande wa mama wa kumtetea. Ghadhabu yake ni hukumu, na sheria aliyoitumia kuhukumu ameichukua kwao.

Basi mgeuko wa kisa ni kipimo. Humkuta mtu hajajiandaa, na mtu asiyejiandaa husema lile analoliamini, si lile alilofundishwa kusema. Mwanachuoni atakaye kujua watu wanaona nini kuwa haki, asiwaulize mchana kwa karatasi tu. Na awasikilize usiku, Mustafa anapolikaribia hema. Lakini mtazamaji naye ana deni. Mustafa amekwisha kufa, na machozi hayamfai kitu. Wa kufaidiwa ni kijana wa jirani ambaye mlango wake haujafungwa bado. Aliyelia "Usiingie!" mbele ya kioo, akanyamaza mbele ya jirani yake, huyo ndiye astahiliye kuchekwa.