Raketi ya "mshambuliaji" ni stori ya juzi tu

Ingia duka la michezo hapa Nairobi uulize raketi ya badminton. Swali la kwanza ni moja tu: wewe unacheza vipi, unashambulia ama unakinga? Ukisema unashambulia unapewa yenye kichwa kizito. Ukisema unakinga unapewa yenye kichwa chepesi. Ukisema hujui, unapewa ile "ya katikati", na ukitoka hapo umewaachia pesa ya simu nzuri. Wasee wengi wanachukulia hiyo kama sheria, ati imekuwepo tangu mchezo uanze. Haijakuwepo. Swali hilo lina umri wa mzazi wako, na ukijua lilitoka wapi huenda usinunue ile uliyokuwa umeiwekea macho.

Turudi nyuma kidogo. Badminton ni jina la jumba la Duke wa Beaufort huko Gloucestershire, Uingereza. Lakini maafisa wa jeshi la Uingereza walikuwa tayari wakiucheza mchezo wenyewe India, hasa mji wa Poona, ambao leo ni Pune, miaka ya 1860 na 1870. Chama cha Uingereza kiliundwa 1893 na mashindano ya All England yakaanza 1899. Kwa miaka mingi sana baada ya hapo raketi ilikuwa kitu kimoja: mbao iliyopindwa, nyuzi za utumbo wa mnyama, uzito wa zaidi ya gramu 100. Baadaye shingo ikawa ya chuma lakini kichwa kikabaki mbao. Na hiyo mbao ilikuwa inadekezwa! Ukimaliza kucheza unaifunga ndani ya fremu yenye skrubu nne, la sivyo unyevu unaikunja na kesho yake imefanana na chapati iliyokauka.

Sasa fikiria fundi wa wakati huo. Akipunguza mbao kichwani ili raketi iwe nyepesi, inavunjika. Akivuta nyuzi sana, fremu inapinda. Hana nafasi ya kusema "hii nimeiwekea uzito juu kwa ajili ya smashi, ile nimeiwekea uzito kwenye mpini kwa ajili ya kukinga". Dukani tofauti kati ya raketi moja na nyingine ilikuwa ubora wa kazi ya mkono na pengine gramu chache. Basi.

Na hapo ndipo stori inanoga, kwa sababu staili zilikuwepo. Tena zilikuwepo kwa fujo.

Kuanzia 1950 hadi 1957, taji la wanaume la All England lilibebwa na watu wawili tu, wote kutoka Malaya. Wong Peng Soon alilichukua 1950, 1951, 1952 na tena 1955, wakati huo ameshapita miaka 35. Eddy Choong alilichukua 1953, 1954, 1956 na 1957. Wong alikuwa mtulivu, anakuchezesha kama anayepanga drafti: kinyoya huku, kinyoya kule, wewe unakimbia yeye anatembea. Choong alikuwa mfupi sana, na kwa sababu ya huo ufupi alikuwa anaruka kwa kila kitu, anashambulia kutoka hewani, anaokota vinyoya ambavyo wengine wangeviacha vianguke. Nchi moja, miaka ileile, raketi za aina ileile ya mbao, na wachezaji wawili wasiofanana hata kidogo. Muuzaji wa leo angewagawia raketi mbili tofauti. Wao waligawana taji.

Halafu akaja Rudy Hartono wa Indonesia. Alishinda All England 1968 akiwa na miaka 18, na hakuiachia hadi 1974, mara saba mfululizo. Ya nane akaichukua 1976. Mchezo wake ulikuwa kasi na mashambulizi, na kwenye ile fainali ya 1976 alimshinda Liem Swie King, kijana ambaye baadaye aliifanya smashi ya kuruka kuwa kitu ambacho kila mtoto wa Asia alitaka kuiga. King naye alishinda 1978, 1979 na 1981. Hawa ni washambuliaji kuliko mtu yeyote utakayemkuta uwanja wa mtaa wenu, na walijifunza kazi hiyo kabla kampuni yoyote haijabuni raketi ya washambuliaji. Miguu, bega na muda wa kupiga vilitangulia. Raketi ilikuja baadaye kufuata walichokuwa wanafanya.

Ilikuja vipi? Mtu muhimu hapa ni Mjapani mmoja, Minoru Yoneyama. Mwaka 1946 alianza biashara huko Niigata, ya kutengeneza maboya ya mbao ya nyavu za wavuvi. Plastiki ikaingia sokoni, maboya ya mbao yakakosa wanunuzi. Badala ya kulia akaanza kutengeneza raketi za badminton mwaka 1957, mwanzoni akiwatengenezea wengine, na 1961 akaweka jina lake mwenyewe. Mwaka 1963 kiwanda kikaungua, akajenga tena. Mwaka 1969 kampuni ikatoa raketi ya alumini. Leo inaitwa Yonex. Mimi huipenda hii stori kwa sababu buda aliona plastiki ikimmalizia biashara ya mbao mara moja, na sioni kama alikuwa tayari kungoja imalizie na ya pili.

Chuma na alumini vilimaliza tatizo la unyevu, ile fremu ya skrubu ikastaafu. Lakini kilichobadilisha kila kitu ni kaboni, iliyoingia mwisho wa miaka ya 1970. Kaboni ni nyuzinyuzi nyembamba zinazolazwa kwa tabaka na kugandishwa kwa gundi maalum. Maana yake fundi anaweza kuongeza tabaka hapa, kupunguza pale. Anataka kichwa kizito, anaongeza juu. Anataka shingo inayopinda, anapunguza katikati. Kwa mara ya kwanza uzito ukawa kitu cha kuhamisha. Raketi nzima ikashuka hadi gramu 80 na kitu, na fremu ikavumilia nyuzi zilizovutwa kwa nguvu ambayo ingeiua mbao.

Kisha kichwa chenyewe kikabadilika umbo. Kile cha zamani kilikuwa kama yai, kwa hiyo nyuzi za katikati ni ndefu na za pembeni ni fupi, na sehemu nzuri ya kupigia ni ndogo. Ukikipanua juu kikaribie mraba, nyuzi nyingi zaidi zinakaribiana urefu na ile sehemu nzuri inakua. Kwa mtu anayejifunza, hiyo ina maana kubwa kuliko maneno yote yaliyoandikwa kwenye fremu, na siku hizi utaipata hata kwenye raketi za bei ya kawaida.

Baada ya hapo ni biashara. Ukishaweza kutengeneza raketi kumi tofauti, lazima uwaambie watu kwa nini wanahitaji kumi. Sheria pia ilisaidia: mwaka 2006 mchezo ulihamia pointi 21 ambapo kila mkwaju una pointi, hata kama si wewe uliyeanzisha. Zamani ulipata pointi ukiwa unaanzisha tu, kwa hiyo ungeweza kukinga, ukapumua, ukarudi mchezoni. Sasa kila kosa linakugharimu papo hapo. Kwa maoni yangu hapo ndipo kuuza "kasi" na "nguvu" kama bidhaa mbili kulikolea. Mwaka 2018 Yonex ilifika mbali hadi ikatoa Astrox 88 mbili za wachezaji wawiliwawili: 88D ya anayekaa nyuma kupiga smashi, na 88S ya anayekaa mbele kwenye wavu.

Sisemi ni uongo. Kichwa kizito kweli kinasukuma kinyoya zaidi, na kichwa chepesi kweli kinageuka haraka ukishambuliwa. Lakini angalia hii. Mwaka 2013 Tan Boon Heong wa Malaysia alipiga smashi ya kilomita 493 kwa saa kwenye jaribio maalum. Mwaka 2023 Satwiksairaj Rankireddy wa India akafikisha 565. Raketi walizotumia? Nanoray Z-Speed na Nanoflare 1000 Z. Zote ni za familia inayouzwa kwa jina la kasi, si ile ya nguvu ambayo muuzaji angekupa ukimwambia unapenda smashi. Mkono ukiwa mwepesi kupita hewani, kichwa kizito si lazima.

Kwa hivyo mimi nikiulizwa raketi, siulizi unacheza staili gani. Mtu aliyecheza miezi minne hana staili, ana matamanio. Nauliza mkono wako uko vipi. Shingo ngumu inahitaji mkono wa kasi ili ipinde na kurudi kwa wakati. Mkono wa polepole hauipindi, kwa hiyo hupati nguvu, unapata tu maumivu ya kiwiko. Kichwa kizito kinataka uanze kuzungusha mapema, na anayeanza karibu kila mara anachelewa.

Wengi wetu tumeanzia zile raketi mbili za chuma zinazouzwa pamoja kwenye mfuko mmoja na kinyoya cha plastiki, kisha tunachezea nje kwenye upepo. Kutoka hapo usiruke moja kwa moja hadi ya bingwa. Tafuta ya kaboni tupu, si ile ya kichwa cha alumini na shingo ya kaboni. Angalia pale juu ya mpini pameandikwa nini: 3U ni gramu 85 hadi 89.9, 4U ni 80 hadi 84.9, 5U ni 75 hadi 79.9. Chukua 4U, uzito uliosambaa sawa, shingo ya wastani. Doo itakayobaki peleka kwenye nyuzi nzuri, na umwambie fundi asipite pauni 24, hata kama jamaa zako wanajisifu ati wako 28.