Nyumba Mbili za Ukumbusho katika London

Apendaye kujua jinsi mji ulivyokua, na aanze penye maji. Ndivyo tulivyofanya tulipozuru London: kwanza tulikwenda kwenye bandari za zamani upande wa mashariki, kisha tukarudi katikati ya mji kuyatazama magari. Nyumba hizo mbili za ukumbusho ziko mbalimbali, na wengi huzizuru kama zisizohusiana. Sisi tuliona ya kuwa habari zake ni moja, nayo ni habari ya wachukuzi.

Nyumba ya kwanza, London Museum Docklands, imo katika bohari la matofali lililojengwa mwaka 1802 kwa ajili ya sukari ya visiwa vya Karibi. Matajiri walikuwa wamechoka kuibiwa shehena mtoni; wakachimba bandari, wakaizungushia ukuta mrefu, na kwa miaka 21 mazao ya visiwa vile yaliyoletwa London yalipaswa kushushwa pale tu. Robert Milligan, mmoja wa waliotangulia katika shauri hilo, alipofariki mwaka 1809 alikuwa na watumwa 526 katika Jamaika. Sanamu yake ilisimama nje ya bohari hata Juni 2020, ilipoondolewa. Chumba kielezacho sukari na utumwa kilifunguliwa mwaka 2007, na humo ndimo tulimokaa zaidi. Sisi tutokao pwani ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, hatukuweza kupita upesi.

Hata waliopakua sukari hiyo, ingawa walikuwa watu huru, hawakuwa na kazi ya kudumu. Kila asubuhi walikusanyika langoni, msimamizi akachagua awatakao, waliosalia wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mwalimu wa lugha atakumbuka neno letu kibarua. Asili yake ni barua ndogo, yaani hati aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa. Baadaye jina la hati likawa jina la mtu mwenyewe. Vibarua wa London waligoma Agosti 1889, wakianzia katika bandari hiyo hiyo, wakitaka peni 6 kwa saa badala ya 5. Mgomo ulidumu kama majuma matano. Miongoni mwa waliopatanisha alikuwamo Kardinali Manning, mzee wa miaka 81. Nao vibarua wakapata peni yao.

Nyumba ya pili, London Transport Museum, ilifunguliwa mwaka 1980 katika jengo la Covent Garden lililokuwa soko la maua. Humo utaona habari za reli ya chini ya ardhi, iliyoanza mwaka 1863 kwa magari ya moshi (jinsi abiria walivyovuta pumzi, ni ajabu!). Lakini sisi tulivutwa zaidi na habari za gari la George Shillibeer. Mwaka 1829 alianza kuchukua watu 22 kwa gari moja la farasi watatu, toka Paddington hata Bank. Aliliita omnibus, neno la Kilatini maana yake "kwa wote". Waingereza wakalikata likawa bus, nasi tukasema basi. Walakini nauli ya safari nzima ilikuwa shilingi 1. Kibarua wa bandarini, hata baada ya ushindi wake miaka 60 baadaye, angefanya kazi saa mbili apate fedha hiyo. Basi lile halikuwa la wote.

Katika nyumba hiyo ndipo habari ya sukari inaporudi. Baada ya vita vya mwaka 1939 hata 1945 London ilipungukiwa na watu wa kazi, na mwaka 1956 wakuu wa mabasi na reli za mji walianza kuandikisha watu huko Barbados, kisiwa cha miwa. Wakaja wakawa makondakta wa mabasi na watumishi wa stesheni, wengi wao wakiwa uzao wa wale waliolima miwa kwa nguvu. Nauli ya kuvuka bahari walikopeshwa na serikali ya kisiwa chao, wakailipa kidogo kidogo katika mishahara yao.