Mfuko wa Deni Usiguswe

Katika Walawi 25 tunasoma kwamba mwaka wa yubile mtu aliyeuza shamba kwa dhiki alirudishiwa. Serikali hazina mwaka kama huo. Deni lao sharti lilipwe, na njia ya zamani ni kutenga kidogo kidogo na kutogusa kilichotengwa.

Mwaka 1717 Uingereza, ikiwa imeelemewa na madeni ya vita, ilianzisha mfuko wa namna hiyo. Ziada ya kodi fulani iliingia humo ili kupunguza deni. Lakini mwaka 1733 kiongozi wa serikali, Robert Walpole, alichota pauni 500,000 ili asipandishe kodi ya ardhi. Wenye mashamba walifurahi, na deni likabaki. Mfuko ukishaguswa mara moja, mara ya pili haimwogopeshi mtu.

Ndipo akatokea mchungaji mmoja mzaliwa wa Wales, Richard Price, hodari wa hesabu. Mwaka 1772 aliandika kwamba peni moja iliyowekwa siku ya kuzaliwa Mwokozi, kwa asilimia 5, riba ikizaa riba, ingekuwa imeshapita thamani ya dunia milioni 150 za dhahabu tupu. Waziri Mkuu William Pitt alivutiwa na hesabu hiyo. Mwaka 1786 aliagiza pauni milioni 1 zitengwe kila mwaka na kukabidhiwa makamishna, ili wanasiasa wasizifikie. Makamishna walinunua hati za deni, na riba ya hati hizo ikarudi mfukoni kununua nyingine.

Mpango ulikuwa mzuri hadi vita na Ufaransa vilipoanza mwaka 1793. Serikali, ikikosa ziada, ilikopa ili iujaze mfuko! Mwaka 1813 Profesa Robert Hamilton wa Aberdeen alieleza wazi kwamba deni hupungua pale tu mapato yanapozidi matumizi. Mwaka 1829 mpango wa Pitt uliachwa.

Price hakukosea kuhusu nguvu ya riba inayozaa riba. Lakini peni yake ilihitaji kwanza kuwa peni ya ziada, kisha iachwe ikae.

Kwaya iliyowahi kununua kinanda au spika kwa mkopo inayajua haya. Safari inakuja, sare zimechakaa, na pesa za deni zipo pale zinatutazama. Mweka hazina akisema, "Hizo zina kazi yake," tusimnunie. Analinda kesho yetu.