Lugha ya Mtafitiwa na Mafunzo ya Uzamili katika Saikolojia: Mazingatio ya Kihistoria kutoka Uganda, 1954–2003

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia tafiti tatu za saikolojia zilizofanyika Uganda ili kubainisha nafasi ya lugha ya mtafitiwa katika uundaji wa maarifa. Hoja kuu ni kwamba lugha hiyo ni chimbuko la dhana, na kwamba mafunzo ya uzamili yanayoihesabu kuwa kikwazo cha kuondolewa kwa tafsiri hupoteza sehemu ya ushahidi wake.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa uzamili wa saikolojia nchini Uganda huandika tasnifu yake kwa Kiingereza. Hata hivyo, aendapo uwandani, mara nyingi huwahoji watu kwa Kiganda, Kiacholi, Kinyankole au lugha nyingine ya mahali hapo. Majibu hutafsiriwa, na pale ambapo tafsiri pekee ndiyo inayohifadhiwa, msomaji wa baadaye hawezi kujua mhojiwa alitumia neno gani. Desturi hii huonekana kuwa suala la utaratibu tu. Historia inaonesha kuwa ni suala la maarifa yenyewe.

2.0 Mama, mtoto na mkalimani

Mwaka 1954 Mary Ainsworth, aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1939, aliwasili Kampala pamoja na mumewe, na akafanya utafiti chini ya Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki. Alichunguza watoto wachanga 28 wa familia 26 katika vijiji vya jirani na Kampala, akiwatembelea majumbani mwao mara kwa mara kwa muda wa miezi kadhaa, kwa msaada wa mkalimani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1967. Kazi hiyo ilimwandalia njia ya utafiti wake wa Baltimore, na kwa pamoja zikawa miongoni mwa misingi ya nadharia ya mfungamano baina ya mtoto na mlezi wake. Hivyo basi, nadharia ambayo mwanafunzi wa leo huipokea katika vitabu vya ng'ambo ina mizizi katika nyumba za Waganda. Lakini maneno ya akina mama wale yalipita kinywani mwa mkalimani kabla ya kumfikia mtafiti, na kitabu kilichoturudia ni cha Kiingereza.

3.0 Maana ya obugezi

Mallory Wober aliligeuza swali. Badala ya kupima Waganda wana akili kiasi gani, aliuliza wanamaanisha nini wanaposema obugezi, neno la Kiganda linalokaribiana na "akili". Katika maandishi yake ya mwaka 1974, alieleza kuwa wanavijiji waliihusisha sifa hiyo na utulivu na uangalifu, si na wepesi. Msemaji wa Kiswahili, aliyelelewa akiambiwa kuwa haraka haraka haina baraka, hatashangazwa na jambo hilo. Lakini athari yake kwa taaluma ni nzito: jaribio linalompa alama anayejibu upesi huenda linapima kitu ambacho jamii inayopimwa haikiiti akili.

Mjadala huo haukupata mazingira ya kustawi. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1971, wahadhiri wengi, wageni na wazalendo, waliihama Makerere.

4.0 Masaka na Rakai

Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio la tiba ya vikundi kwa watu wenye sonona katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai. Kabla ya jaribio, watafiti walikuwa wamewauliza wenyeji wayataje matatizo yao kwa maneno yao wenyewe. Yalijitokeza majina mawili ya Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia. Vikundi viliongozwa na watu wa maeneo hayo waliopewa mafunzo mafupi, na dalili za sonona zilipungua kwa kiwango kikubwa kuliko kwa wale ambao hawakupata tiba hiyo. Hapa neno la mgonjwa lilitangulia kipimo.

5.0 Hitimisho na mapendekezo

Inaweza kudaiwa kuwa mtahini wa nje hataisoma Kiganda, na kwamba kuhifadhi matini za lugha mbili ni gharama. Madai hayo yana uzito, lakini gharama ya kupoteza ushahidi ni kubwa zaidi. Kwa hiyo makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila tasnifu iambatishwe manukuu ya mahojiano katika lugha ya asili, baada ya kuondoa utambulisho wa wahojiwa. Pili, mchango wa mkalimani uelezwe katika sura ya mbinu za utafiti, badala ya kuishia kwenye shukrani. Tatu, tasnifu iwe na ikisiri ya Kiswahili, lugha iliyotambuliwa na Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, ili watafiti wa nchi jirani waweze kulinganisha dhana kama obugezi na akili bila kulazimika kupitia Kiingereza.