Orodha ya Chumba cha Upasuaji

Karatasi yenye vipengele 19 inayosomwa leo katika vyumba vya upasuaji duniani ina asili yake kwenye uwanja wa ndege. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Ohio, ndege mpya ya Boeing iliyokuwa ikijaribiwa mbele ya wanajeshi wa Marekani ilipaa, kisha ikaanguka. Rubani alikuwa hodari; kilichosahaulika ni kufungua kifungio cha mabawa ya mkiani. Tangu hapo marubani waliandikiwa mambo ya kukagua kabla ya kuruka.

Hospitali zilichelewa kuiga. Mwaka 2001 Peter Pronovost, wa hospitali ya Johns Hopkins, aliorodhesha hatua tano za kumwekea mgonjwa mahututi mrija katika mshipa mkubwa wa damu, kuanzia kunawa mikono hadi kufunga bandeji. Hakuna daktari asiyezijua. Jipya lilikuwa kwamba muuguzi aliruhusiwa kumsimamisha daktari aliyeruka hatua, na katika taaluma inayoheshimu vyeo kiasi kile, ruhusa hiyo ilikuwa nzito kuliko hatua zenyewe.

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya upasuaji mwaka 2008, kazi ikiongozwa na daktari mpasuaji Atul Gawande. Husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya chale, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Huulizwa jina la mgonjwa, mahali pa kupasuliwa, mzio, na kama antibayotiki imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Mwishoni huhesabiwa vifaa, sponji na sindano, kisije kikabaki kitu mwilini. Kila aliyemo hutaja jina na kazi yake. Huonekana kama adabu tu, lakini aliyekwisha kusikika hapati shida kusema tena anapoona hatari.

Orodha ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, ikiwemo Toronto, London, New Delhi na Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Sifa zilienea upesi kuliko mazoea. Jimbo la Ontario, Kanada, liliziagiza hospitali zake kutumia orodha na kutoa taarifa. Karibu zote zikaripoti kuitumia. Utafiti wa mwaka 2014 katika hospitali 101 haukuona vifo vikipungua kwa kiwango cha maana. Kuweka alama kwenye karatasi ni rahisi. Kuwafanya watu wanyamaze na kusikilizana kunadai mafunzo.

Kwingine tatizo lilikuwa kifaa. Kipengele kimojawapo huuliza kama oksimita, kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, imewashwa, ilhali vyumba vingi vya upasuaji katika nchi maskini havikuwa nayo. Mwaka 2011 shirika la Lifebox lilianzishwa ili kuvipatia vyumba hivyo oksimita za bei nafuu, pamoja na mafunzo ya kuzitumia.