Maji Maangavu Hayatoshi: Jinsi ya Kumkagua Trauti wa Ziwa la Mlimani

Sisi watu wa pwani hujiona mabingwa wa samaki. Mwezi uliopita nilipopanda na mdogo wangu hadi Ziwa Rutundu, Mlima Kenya, niligundua ubingwa wangu unaishia ufuoni. Tulivua trauti watatu. Mdogo wangu akasema, "Maji ya huku ni safi, hawa hawana neno." Lakini nyumbani kwake Timau alikuwa akitungoja shemeji yangu, mja mzito wa miezi 5. Sikutaka kubahatisha. Niliangalia mambo matatu, nawe msomaji yatakufaa.

Kwanza, ubichi wake. Trauti mzuri ana macho maangavu yaliyojaa, mashavu yake ndani ni mekundu, na nyama ukiibonyeza inarudi. Asinuke shombo kali. Ukimkuta ameshakufa anaelea, mwache. Uliyemvua, mtoe matumbo mara moja na umweke kwenye barafu. Baridi ya mlimani isikudanganye, maana safari ya kushuka ni ndefu na ndani ya gari mna joto.

Pili, minyoo. Samaki wa maji baridi anaweza kuwa na minyoo midogo ndani ya nyama hata kama ziwa laonyesha mawe ya chini. Dawa yake ni moto. Mpike hadi nyama ya katikati ifikie nyuzi 63. Ukikosa kipimajoto, hakikisha imeacha kung'aa kibichi na inabanduka kwenye mwiba. Ndimu haiui minyoo. Anayetaka kumla mbichi, kwanza amgandishe kwa siku 7 kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Tatu ni zebaki, na hapa pua na macho havisaidii. Moshi wa makaa ya mawe na uchimbaji wa dhahabu huirusha hewani, upepo ukaibeba, mvua ikaishusha hata kwenye maziwa ya mbali. Samaki huikusanya mwilini kadiri anavyokua. Kupika hakuiondoi, kama vile kupika kusivyomwondolea muwasho jodari aliyepigwa na jua. Inayemdhuru zaidi ni mtoto aliye tumboni na mtoto mchanga.

Hata hivyo hakuna haja ya kumwogopa trauti. Kwa kawaida ana zebaki kidogo, na mdogo ana kidogo kuliko mkubwa mzee. Kwa hiyo shemeji tulimpa yule mdogo kuliko wote, kaiva hadi mwibani. Wakubwa tukala sisi.

Kilichonishtua ni jambo jingine. Samaki wenye zebaki nyingi ni wale wakubwa wanaokula wenzao, kama papa na nduaro. Hao hawako mlimani. Wako sokoni kwetu. Nilikwenda kumkagua trauti wa watu, nikarudi na swali kuhusu chungu cha nyumbani. Mwenye mja mzito au mtoto mdogo nyumbani, mwepushe na papa. Mpe dagaa au tasi.